Sasa Gitaa Hilo la Nini?

Nikahi ilishapita, pilau lilishaliwa, na wanaume tulikuwa tumejaa barazani tukimsubiri mwenye dele la kahawa. Harusi ya nyumbani, Tanga. Kijana mmoja wa upande wa bibi harusi alikuwa na spika ndogo mapajani. Alianza na kaswida za madufu, watu wakaitikia. Kisha, nadhani simu ilijichagulia yenyewe, likaingia gitaa. Linacharazwa taratibu, bila papara, halafu sauti ya mtu mzima ikaanza kuimba kwa Kiingereza.

Ami akainua kichwa. Ami ndiye aliyewasomesha Qur'ani nusu ya waliokuwa pale, mimi nikiwemo, na bakora yake hakuna aliyeisahau.

"Nani huyo?"

"Yusuf Islam, ami. Yule wa A Is for Allah."

"Yule si alitubu?"

"Alitubu, ami."

"Sasa gitaa hilo la nini?"

Kahawa ikafika. Kijana akazima spika, sinia ya kashata ikapita, mazungumzo yakahamia kwenye mvua na bei ya mkonge. Hakuna aliyejibu.

Swali limening'ang'ania kwa wiki kadhaa sasa. Nimekuwa nikiisikiliza albamu ule wimbo ulikotoka, An Other Cup ya mwaka 2006, kwenye daladala, jikoni, usiku watu wakilala. Nilitaka kumtetea Yusuf, mwimbaji aliyeacha muziki baada ya kusilimu, kisha akarudi na gitaa. Kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoona kwamba hata yeye, alipokuwa anaitengeneza, swali la ami lilikuwa naye studio.

Watu wawili

Wengi wa rika langu tulimjua mara mbili bila kujua kwamba ni mtu mmoja.

Mara ya kwanza ni madrasa. A Is for Allah ilitoka mwaka 2000 na ikatufikia kwa kanda zilizonakiliwa mpaka sauti ikawa inakwaruza. Sauti za watu na ngoma, basi. Hakuna uzi hata mmoja. Ndiyo maana walimu, waliokuwa wakizikataza ala za nyuzi, waliiruhusu.

Mara ya pili ni kaka zetu wakubwa. Wao walikuwa na Wild World, ama ya Jimmy Cliff ya mwaka 1970 au ya Maxi Priest ya 1988, na waliamini kabisa kwamba ni reggae iliyozaliwa Jamaika. Nani angewaambia kwamba mtunzi ni mtoto wa mwenye mgahawa wa London, Mgiriki wa Kupro aliyeoa Mswidi, na kwamba mtunzi huyo sasa hivi anatufundisha sisi wadogo zao alfabeti ya imani?

Alizaliwa Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Wazazi walikuwa na mgahawa Shaftesbury Avenue, katikati ya majumba ya maonyesho ya London, familia inaishi ghorofani juu ya biashara. Akajiita Cat Stevens, akapata umaarufu akiwa na miaka 18, na mwaka 1969 kifua kikuu kikamlaza miezi kadhaa karibu na Midhurst, kusini mwa Uingereza. Huko kitandani ndiko alikoanza kusoma habari za dini na kutunga nyimbo za namna nyingine. Alipotoka, zile tarumbeta na fidla nyingi za 1967 aliziacha. Ikabaki gitaa lake, gitaa la Alun Davies, na prodyuza Paul Samwell-Smith aliyejua wakati wa kunyamaza. Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman zote ni za 1970. Teaser and the Firecat ni ya 1971. Dunia nzima ikamjua.

Hayo yanajulikana. Kilichonisumbua mimi ni yaliyofuata.

Hakukatazwa

Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akiogelea Malibu, Kalifornia, mkondo ukamzidi nguvu. Anasimulia kwamba alimlilia Mungu, akaahidi kwamba akiokolewa atamtumikia, na wimbi likamsukuma kurudi pwani. Baadaye kaka yake, David, akamletea nakala ya Qur'ani kutoka Jerusalem. Desemba 1977 akasilimu. Jina la Yusuf alilichukua kwa sababu ya sura ya Yusuf, ile ya kijana aliyeuzwa sokoni, na kwa mtu aliyekuwa akiuzwa madukani tangu utotoni chaguo hilo silioni la bahati tu.

Mkataba ulimdai albamu moja, akaitoa mwaka 1978. Novemba 1979 akapanda jukwaani Wembley, kwenye tamasha la UNICEF la Mwaka wa Mtoto. Kisha akauza magitaa yake kwa mnada, fedha zikaenda kwenye sadaka.

Sisi tunaomsimulia misikitini huishia hapo, na tunaisimulia kama kisa cha mtu aliyeambiwa muziki ni haramu akatii. Lakini mwenyewe haelezi hivyo. Anasema alimuuliza imamu wa msikiti wake, na imamu akamwambia anaweza kuendelea mradi nyimbo ziwe na maadili. Wengine wakamwambia muziki wote haufai. Akaona wanazuoni wenyewe wanapingana, akaamua kukaa mbali.

Yaani aliepuka shubuha, jambo lisilo wazi kama ni halali au haramu.

Tofauti hii si ndogo. Aliyekatazwa, siku akirudi, amevunja amri. Aliyejizuia kwa tahadhari ana haki ya kulitazama upya jambo lake, mradi awe mkweli kuhusu kwa nini analitazama upya. Na Yusuf amekiri pia kwamba alikuwa amechoshwa na umaarufu na kile unachomfanyia mtu. Kwa hiyo tuseme kweli: dini ilimpa mlango, lakini miguu yake ilikuwa tayari inatafuta pa kutokea.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia kwenye mawaidha. Alinyamaza yeye, santuri zake hazikunyamaza. Redio ziliendelea kupiga, maduka yaliendelea kuuza, na mirabaha iliendelea kuingia mwaka hadi mwaka. Fedha hizo zilimsaidia kwenye kazi za hisani na kwenye elimu. Shule ya Islamia aliyoianzisha kaskazini-magharibi mwa London mwaka 1983 ikaja kuwa miongoni mwa shule za kwanza za Kiislamu kupata ruzuku ya serikali ya Uingereza, mwaka 1998. Watoto wakahifadhi juzuu kwa jasho la gitaa. Ningependa kumsikia ami akilitolea hukumu hilo.

Kanda ya waziri

Watu huanza hadithi ya kurudi kwake mwaka 2006. Mimi naanza Bosnia.

Vita vya miaka ya 1990 vilimkuta akiwa mtu wa misaada. Waziri wa mambo ya nje wa Bosnia, Irfan Ljubijankić, daktari kwa taaluma, alimpa kanda ya wimbo alioutunga mwenyewe. Mei 1995 helikopta ya waziri huyo ikadunguliwa, akafa. Mwaka 1997 Yusuf akashiriki kutoa albamu ya msaada kwa Bosnia iliyobeba jina la wimbo ule, I Have No Cannons That Roar.

Amesema zaidi ya mara moja kwamba nyimbo za Wabosnia ndizo zilizomwamsha. Watu walikuwa wanachinjwa kwa sababu ya Uislamu wao, na walikuwa wanaimba. Huwezi kumwendea mjane wa Sarajevo ukamwambia kwamba kilichomshikilia roho ni upuuzi.

Hata hivyo bado hakushika gitaa. Ngoma na sauti tu, miaka yote hiyo, mpaka A Is for Allah. Mtu huyu hakuwa na haraka.

Baada ya Septemba 2001 ndipo kitu kilipolegea. Alikubali kuonekana kwa video kwenye tamasha la New York la Oktoba mwaka huo, akaimba Peace Train, wimbo wake wa zamani, bila ala yoyote. Kisha, miaka michache baadaye, mwanawe Muhammad akaleta gitaa nyumbani. Mzee akalichukua siku moja ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama. Vidole vikajua pa kwenda.

Nashangazwa na hilo la kutotazamwa. Mtu aliyepigiwa makofi na mataifa, baba mwenye nyumba yake, anashika gitaa la mtoto kwa kujificha. Anajificha asionwe na nani? Mkewe na wanawe, nadhani, na baraza zima la akina ami duniani, pamoja na mimi niliyekua na kanda yake ile isiyo na uzi.

Udi wa kwetu

Hapa nisimame kidogo, maana sisi wa pwani tunapenda kujifanya kwamba mjadala huu ni wa watu wengine.

Unguja kuna kikundi cha taarab kinachoitwa Ikhwan Safaa, kimeanzishwa mwaka 1905. Jina ni la Kiarabu safi, wanachama wake vizazi kwa vizazi ni watu wa kusali, na miongoni mwa ala zao ni udi, kanuni na fidla, zote za nyuzi. Ukoo mmoja unaweza kutoa khatibu na mpiga kanuni, na siku ya Idi wakala sinia moja. Ikhtilafu ipo, kila mtu anaijua, lakini imefundishwa adabu: anayeona haifai huondoka ukumbini mapema, anayeona inafaa hamkejeli aliyeondoka.

Yusuf hakuwa na baraza kama hilo. Alisilimu kwenye jiji ambalo Waislamu wake walitoka kila pembe ya dunia, kila mmoja na fatwa ya kwao, na yeye Mzungu mashuhuri kuliko wote, kila mtu akimtaka awe ushahidi wa msimamo wake. Angezaliwa Malindi ya Unguja pengine angeacha disko, akahamia kwenye udi, na kisa chake kisingefika gazetini.

Ndani ya albamu

Turudi kwenye An Other Cup yenyewe. Ilitoka Novemba 2006, miaka 28 baada ya ile ya mwisho ya Cat Stevens. Kwenye kava limeandikwa Yusuf tu. Prodyuza ni Rick Nowels. Jina, yaani kikombe kingine, linakonyeza chai ya Tea for the Tillerman ya 1970, na wapenzi wake wa zamani walilielewa mara moja.

Niseme wazi: si albamu yake bora. Imesafishwa mno. Palipokuwa na kelele ya kidole kikiteleza kwenye uzi, sasa pamepakwa vinanda na sauti za kuitikia mpaka hakuna kona. Ni nyumba ambayo wageni wanatarajiwa na kila kitu kimefunikwa kitambaa. Anaogopa, unamsikia anaogopa. Baadhi ya nyimbo, Maybe There's a World kwa mfano, zina amani nyingi kiasi kwamba hakuna kinachogombewa ndani yake.

Lakini sikilizeni alichofanya na vitu vyake vya zamani.

Heaven/Where True Love Goes imejengwa kwa kipande alichokitoa kwenye Foreigner Suite, ule wimbo wa dakika 18 uliojaza upande mzima wa santuri mwaka 1973, alipokwenda kurekodi Jamaika akiwa amechoka na kila mtu. Kipande hicho kilikuwa kimezikwa huko mwishoni, baada ya mizunguko mingi. Amekifukua, akakifuta vumbi, akakipa nyumba yake mwenyewe. Wakati ule alikuwa anamwimbia mtu. Sasa ukikisikia hujui tena anamwimbia nani, na nadhani hataki ujue.

I Think I See the Light ndiyo iliyonikalisha chini. Ni wimbo wa Mona Bone Jakon, 1970. Ukisikiliza ule wa kwanza, piano inagongwa kwa pupa, kijana aliyetoka kuugua anaona nuru machoni mwa mpenzi na hawezi kukaa kitako. Ukisikiliza wa 2006, ni mtu wa miaka 58 na hana haraka yoyote. Wimbo ni uleule. Ila miaka saba kabla ya kutamka shahada kijana alikuwa anaimba habari za kuona nuru, akidhani anazungumzia msichana.

Nikaacha kumtafutia utetezi hapo.

Mpaka wakati huo nilikuwa nimeshika moja ya mawili: ama ametubu toba yake, au alikosea kuacha. Albamu hii haikubali lolote kati ya hayo. Anapitia kazi za yule kijana moja moja, anauliza ipi inasalika na ipi haisaliki. Nyingi hazimo. Zilizobaki amezichukua bila kuzibadilisha sana, kwa sababu hazikuhitaji. Ni kazi ya mhariri. Asingeweza kuifanya mwaka 1979 akiwa ndani ya moshi wa umaarufu. Alihitaji kuwa mbali na nyimbo zake kwa muda mrefu mpaka azisikie kama za mtu mwingine.

Kisha kuna The Beloved. Ni ya kumsifu Mtume, na ameimba na Youssou N'Dour wa Senegal. Huyo naye alikuwa na kesi yake. Mwaka 2004 N'Dour alitoa albamu ya kuwasifu masharifu na masheikh wa tarika za kwao, Egypt, na nyumbani Senegal wapo waliomjia juu kwa kuchanganya dini na muziki wa starehe. Mwaka uliofuata ikashinda Grammy, na nyumbani nako nyuso zikakunjuka. Watu wawili waliotoka kwenye hukumu ya aina moja wanakutana kumswalia Mtume kwa kipaza sauti. Aliyekulia kwenye maulidi hataona ajabu yoyote hapo, atauliza tu dufu liko wapi.

Wimbo wa kuazima

Kuna wimbo mmoja ninaoshindwa nao.

Ni Don't Let Me Be Misunderstood, ule ulioimbwa kwanza na Nina Simone mwaka 1964. Katikati ya kazi zake mwenyewe, Yusuf ameazima ombi la mtu mwingine la kutoeleweka vibaya. Sababu ziko wazi. Septemba 2004 ndege yake kutoka London kwenda Washington ilielekezwa Bangor, Maine, akateremshwa kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka, akarudishwa Uingereza. Mtu aliyeimba treni ya amani anateremshwa kwenye ndege. Kwa hilo mimi niko upande wake bila kusita.

Ila kuna la 1989 pia. Mbele ya wanafunzi wa Kingston, London, aliulizwa kuhusu fatwa ya Ayatollah Khomeini wa Iran juu ya mwandishi Salman Rushdie, na alichojibu kiliandikwa magazetini kama kuunga mkono auawe. Alikanusha, akasema alikuwa anaeleza tu hukumu ya kufuru ilivyo vitabuni. Baadaye mwaka huohuo, kwenye televisheni ya Uingereza, akasema mengine ambayo ameyaeleza kuwa ni mzaha uliokosa busara. Bendi ya 10,000 Maniacs, iliyokuwa imeuimba upya Peace Train wake, ikauondoa kwenye matoleo ya Marekani ya albamu yao.

Nimesoma maelezo yake. Mengine nayaamini. Lakini mtu ambaye maneno ndiyo kazi yake, aliyepima kila neno la wimbo wa dakika tatu, siku ile alizungumzia uhai wa mtu kwa ulimi mwepesi. Kuomba usieleweke vibaya kwa wimbo wa mtu mwingine hakutoshi. Ningependa autunge wake. Mpaka leo naona pale pana pengo, na sauti nzuri haijalifunika.

Na siwezi kusema jambo hili linaharibu The Beloved kwangu. Wala siwezi kusema haliigusi.

Baada ya hapo

Woga ulimtoka polepole. Roadsinger ya 2009 imevuliwa vitambaa vingi. Tell 'Em I'm Gone ya 2014, aliyoitengeneza na prodyuza Rick Rubin, ina bluzi chafu kidogo, na mwaka huohuo aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame na kuandika kijitabu akieleza kwa nini bado anabeba gitaa. Unaona? Miaka minane baada ya An Other Cup bado alikuwa anaandikiwa swali lilelile, naye bado anajibu.

Ninayoipenda zaidi ni The Laughing Apple ya 2017. Samwell-Smith amerudi, Alun Davies amerudi, na jina kwenye kava limekuwa Yusuf / Cat Stevens, mkwaju ukiwatenga na kuwaunga wote wawili. Humo amerudia nyimbo kadhaa za 1967, zile zilizozama kwenye tarumbeta alipokuwa kijana asiye na sauti studio. Mwaka 2020 akaitengeneza upya Tea for the Tillerman yote, na kwenye Father and Son akafanya jambo la ujanja: sehemu ya baba ameiimba mwenyewe, mzee wa miaka 70 na ushei, na sehemu ya mwana ameiacha iimbwe na sauti yake ya 1970, iliyorekodiwa Los Angeles kwenye ukumbi wa Troubadour. Baba anamwambia mwana atulie. Mwana anasema lazima aondoke. Safari hii wote wawili wamekwenda na wamerudi.

Kwa asiyemjua kabisa, nashauri asianze na ya 2006. Aanze na Tea for the Tillerman ya kwanza, dakika zake hazifiki arobaini. Kisha asikilize nashidi zake, hata kama si mtu wa nashidi, ili asikie jinsi alivyokuwa anaimba akiwa amejinyima. Halafu The Laughing Apple. An Other Cup iwe ya mwisho, na aisikilize pamoja na ule ukimya wa miaka 28 nyuma yake, maana peke yake inasikika kama muziki mzuri wa hotelini. Wimbo wa kuazima anaweza kuuruka. Mimi mara nyingi nauruka.